Bakuli Moja, Swali Moja

Ukipanda Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, kwa miguu, ukaipita hospitali, njia inazidi kuwa nyembamba na utelezi unazidi. Pale migomba inapofunga anga utaona nyumba ya bati jekundu yenye uwanja uliofagiliwa kuliko wa jirani yeyote. Hapo ndipo kwa Bibi Evaresta. Msimu wa baridi uliopita, ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na mfungwa, na mfungwa huyo alikuwa akinenepa kila kukicha.

Jina lake Nosim, na kosa lake lilikuwa kuzaa. Kule mlimani mwanamke akijifungua haruhusiwi kazi. Kwa miezi mitatu hagusi jembe, ndoo wala mwiko. Analala, ananyonyesha, na anakula anacholetewa. Asubuhi mtori, ile supu nzito ya ndizi zilizopondwa, mchana mtori na nyama, jioni supu ya mbuzi yenye samli inayoelea juu. Mama mkwe ndiye mpishi, muuguzi na askari wa zamu. Siku mzazi atakapotoka kwenda kanisani, wanawake wa usharika watamkagua mashavu na mikono, na wakimkuta mwembamba, aibu si yake, ni ya mama mkwe. Bibi Evaresta alikuwa tayari kukosa vingi duniani, lakini si kukosa heshima hiyo.

Nosim mwenyewe hakuwa mtu wa mlimani. Alizaliwa Terrat, kwa baba mwenye ng'ombe, akasomea kompyuta mjini huku amepanga chumba Sekei, na huko ndiko alikokutana na mumewe Gadiel, mwana wa Bibi Evaresta na dereva wa watalii, ambaye wakati wa mambo haya alikuwa porini na wageni wake. Bibi Evaresta alimpenda mkwe wake, hilo lazima lisemwe. Kazi yake tu ndiyo iliyomshinda kuielewa. Aliwahi kumtembelea kwenye chuo alikokuwa fundi wa kompyuta, akamkuta ameketi mbele ya kioo akibonyeza vibonyezo, na aliporudi akawaambia majirani kuwa mke wa Gadiel hulipwa kwa kuangalia televisheni isiyo na picha.

Chuo chenyewe ni kidogo, cha ufundi, kule chini karibu na barabara ya Moshi. Maabara yake ya kompyuta ilikuwa fahari ya Nosim. Mashine zilikuwa za zamani, za msaada, na diski zao zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine. Mwalimu Abdiel, mkuu wa chuo, alikuwa karibu kuziuza kwa watu wa chuma chakavu. Nosim akamzuia. Alimweleza kuwa mashine isiyo na diski si maiti: kila asubuhi inaweza kupita kwenye waya hadi kwenye seva, kompyuta moja kubwa iliyo na kila kitu, na kuomba ipewe akili ya siku hiyo. Kwanza inapewa kerneli, ule moyo wa mfumo unaoamka kabla ya mengine. Kisha kerneli hiyo inaita vilivyobaki kupitia waya huohuo. Mwalimu Abdiel alimsikiliza kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake. Akamwacha ajaribu, na mashine zikawaka. Tangu siku hiyo Nosim akawa hashikiki.

Sasa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku za mwisho za ujauzito, Nosim alijua kwamba akishafungiwa kwa mama mkwe hatatoka leo wala kesho. Akataka aache kila kitu kikiwa safi. Mashine zilikuwa nzito kuamka, kiasi kwamba wanafunzi waliziwasha, wakaenda kunywa chai, wakarudi wakazikuta bado zinapiga miayo. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo, na Nosim, tumbo likigusa meza, akafungua orodha ya draiva. Draiva ni vipande vinavyoifundisha kerneli kutumia kila kifaa, na orodha yake ni ndefu kuliko ya waalikwa wa harusi; mle ndani mna vifaa ambavyo havijawahi kuonekana Meru wala havitaonekana. Akapita nayo kwa kasi. Alivyoona havihitajiki na mashine ya mezani kwake alivitoa ndani ya kerneli, akavihifadhi kwenye seva kama moduli, viitwe vitakapotakiwa. Akajaribu mashine yake, ikaamka kabla hajamaliza kupiga chafya. Seva ilikuwa imejaa, kwa hiyo akaifuta kerneli ya zamani. Akafunga mlango huku anatabasamu, na kabla hajafika nyumbani uchungu ukaanza.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya mnadani. Wakamwita Blessing. Vigelegele vya Bibi Evaresta vilivuka makorongo, na majirani wakaanza kupandisha maziwa, ndizi na sabuni. Mama yake Nosim alikuja kutoka Terrat na ndoo ya loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, akakaa, akaimba, akarudi kwa ng'ombe wake ameridhika kwamba mwanawe ameangukia mikono mizuri.

Kisha chuo kikafunguliwa, na Diana akapanda mlima.

Diana alikuwa mwalimu wa uhazili na rafiki wa Nosim. Alikuja kama wanavyokuja wote kumwona mzazi, na kanga mpya na sukari, akamwamkia Bibi, akamsifu mtoto pua na vidole. Bibi alipotoka kuchochea moto, Diana akainama na kunong'ona kwamba mashine zote zimegoma. Wiki hiyo kulikuwa na mtihani wa vitendo, wasimamizi walikuwa wanakuja kutoka mjini, na mashine zisipowaka darasa zima litasubiri hadi mwaka unaofuata. Wengine walikuwa wameshaahidiwa kazi. Mwalimu Abdiel alishaanza tena kuzungumza habari za chuma chakavu.

Nosim alihisi maziwa yakimkauka kifuani. Aliomba simu yake. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa masikio ya Bibi Evaresta hayakuwa yamekwenda jikoni pamoja naye. Aliingia, mwiko mkononi, akasema kwa upole kabisa kuwa mtu haletewi kazi kitandani. Simu alikuwa ameshaifungia kwenye kabati la vikombe tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwanga wa simu huingia machoni, ukatoka machoni ukaingia kwenye maziwa. Nosim alikuwa amesoma, na alikuwa na majibu mazuri kuhusu mwanga na maziwa. Lakini hakuna elimu inayomfundisha mtu kubishana na mama mkwe huku amelala kwenye shuka zilizofuliwa na mama mkwe huyohuyo. Diana akashuka mlima mikono mitupu.

Mchana ule mtori ulipoletwa, Nosim aliutazama, akauweka chini. Alisema hana hamu. Hakuwa anasingizia, maana mawazo yake yote yalikuwa kule maabara. Lakini hata kama angekaa mwaka mzima akitafuta silaha, asingepata kali kuliko hiyo. Bibi Evaresta alipima mkono wa mkwe wake kwa macho, kama mtu anayeona ndizi zake zikinyauka. Akatoka nje, akarudi, akatoka tena, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Bakuli moja, swali moja," alisema. "Unamaliza bakuli, mimi nampigia mwenzako, namuuliza unachotaka. Simu naishika mimi."

Nosim akachukua kijiko.

Hivi ndivyo uchunguzi ulivyofanyika, na sidhani kama kuna fundi mwingine aliyewahi kuchunguza mtandao kwa malipo ya ndizi na nyama. Kwa bakuli la kwanza aliuliza kama taa za swichi, lile boksi linalogawa nyaya, zinapepesa. Diana alijibu kuwa zinapepesa zote. Kwa bakuli la pili aliuliza habari za panya, kwa kuwa panya wa chuo kile walikuwa na historia. Diana alikagua nyaya kwa magoti, akakuta nzima. Kwa supu ya jioni Nosim aliomba picha ya kile kinachoandikwa kwenye kioo mashine inapogoma, na hapo Bibi alisita sana, kwa sababu picha ilimaanisha mwanga. Mwishowe alisimama mbali karibu na mlango, akaishika simu kwa ncha za vidole mbele yake, na Nosim akasoma huku amekodoa macho.

Alichokisoma kilimchanganya zaidi. Mashine zilikuwa zinafika kwenye seva vizuri, zinapewa kerneli, na kerneli inaanza kuamka. Halafu inaandika kuwa haioni kadi yoyote ya mtandao, kile kifaa kinachoiunganisha mashine na waya, na inazimia. Nosim alirudia kusoma hadi mkono wa Bibi ukachoka. Umeletwa kwa njia hiyo, kisha unasema njia haipo? Alilala na fumbo hilo na tumbo lililojaa.

Kesho yake, siku moja kabla ya mtihani, Mwalimu Abdiel alikuja mwenyewe. Viatu vyake vilikuwa vimebeba nusu ya udongo wa Nkoaranga. Mwanamume asiye wa nyumba haingii kwa mzazi, na yeye alilijua hilo, kwa hiyo aliketi kwenye kigoda mbele ya jiko, akamwamkia Bibi, na kikao kikaendeshwa na Bibi Evaresta akitembea kati ya uwanja na chumba. Mwalimu alisema kwamba kufikia jioni lazima awapigie simu wasimamizi, waje au wasije. Bibi akaingia na hilo. Nosim akauliza ni nini kingine wamejaribu. Bibi akatoka na hilo. Walikuwa wameazima swichi nyingine, wakabadili, hakuna kitu. Bibi akaingia, akatoka, akaingia tena, kitenge chake kikipeperuka kwa umuhimu.

"Na anasema ile yako ya mezani ndiyo pekee inayoamka," aliongeza akiwa tayari mlangoni, kama jambo dogo. "Anadhani zilizobaki zimesusa kwa kuwa haupo."

Nosim alitaka kuuliza zaidi, lakini Blessing aliamka. Aliamka kama kawaida yake, kwa hasira, macho yamefumba, kichwa kikigonga huku na huku. Nosim akamweka kifuani. Mtoto yule hakuona kitu, hakujua kama yuko Nkoaranga au mbinguni, lakini mdomo ulijua. Ulitafuta, ukapata, ukashika, na chumba kikawa kimya. Bibi Evaresta, ambaye hakuwahi kuchoka kutazama jambo hilo, alisimama akasema kwamba hakuna binadamu aliyemfundisha huyu. Angekuwa wa kungoja kufundishwa, angekufa na njaa maziwa yakiwa puani.

Nosim akaanza kucheka. Alicheka mpaka Blessing akaachia titi na kulalamika. Bibi alimgusa paji la uso akidhani ni homa.

Haikuwa homa. Aliona jambo zima kama mtu anayefunguliwa dirisha. Mashine yake ya mezani haikuwa na kadi sawa na za wenzake. Ya kwake ilichomwa na radi mwaka juzi, akaibadilisha. Siku ile ya haraka aliacha ndani ya kerneli draiva ya kadi yake tu. Draiva ya kadi za mashine nyingine zote aliiweka ghalani, kwenye seva, iitwe itakapotakiwa. Na itaitwaje, wakati njia ya kuiita ni ileile kadi ambayo kerneli haijui kuitumia? Mwanzoni mashine husaidiwa na kijiakili kidogo kilichomo ndani ya kadi yenyewe, kama mkunga, kinachoipokea kerneli na kuiweka mahali pake. Mkunga akishaondoka, kerneli ni lazima ijue yenyewe. Alikuwa amezaa watoto wasiojua kunyonya, akawaambia maarifa ya kunyonya yamo ndani ya maziwa.

Alimweleza Bibi Evaresta hivyohivyo, bila kutaja kadi wala kerneli. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Nosim aliona mama mkwe wake ameielewa kazi yake, na papo hapo ameikasirikia.

"Uliwaachaje hivyo, watoto wa watu?"

"Nilikuwa na haraka, Mama."

"Haraka." Bibi alitikisa kichwa. "Sasa mkuu wako lazima aambiwe."

Nosim aliinamisha uso. Kumwambia Mwalimu Abdiel kuwa si umeme, si panya, si uzee wa mashine, ila ni mkono wake mwenyewe, tena baada ya sifa zote zile, lilikuwa jambo gumu kulimeza kuliko supu ya mwezi mzima. Alisema labda wangetengeneza tu, sababu wakaieleza baadaye.

"Mficha uchi hazai," alisema Bibi Evaresta, "na wewe umeshazaa. Usianze kuficha leo."

Akatoka mwenyewe kupeleka habari. Nosim alimsikia kupitia dirishani akimweleza mkuu wa chuo, polepole, jinsi mtu anavyomweleza mwanamume mambo ya wanawake, kwamba mashine zake hazijafa, zimezaliwa tu bila kujua kunyonya, na mama yao ameshakumbuka alipokosea, na aibu yake ameikiri, kwa hiyo asimseme. Halafu Mwalimu Abdiel akacheka kwa sauti iliyowashtua kuku. Alisema angekuwa na haki ya kumsema mtu kama angekuwa yeye anaelewa hata nusu ya mashine zile. Alichotaka kujua ni kama zitanyonya kabla ya kesho.

Diana alikuwa ameketi mbele ya seva, akingoja. Bibi Evaresta alipiga simu, akaiweka sauti ya juu, akaishika juu ya kitanda kama mchungaji anayebariki. Mkataba wa bakuli ulikuwa bado upo, maana Bibi alikuwa ameshajaza bakuli kubwa la mchana, lakini maswali hakuyahesabu tena. Kwanza Nosim alimtaka Diana afungue mashine moja na kumwambia kilichochorwa kwenye kidude cheusi karibu na tundu la waya. Diana alichungulia, akasema kuna mdudu mwenye miguu mingi, na yeye mtu wa mlimani hamjui. Nosim akamjua. Ni kaa wa baharini, nembo ya waliotengeneza kadi hizo, akasema, na draiva yake ipo. Akamwongoza ndani ya ile orodha ndefu, hatua kwa hatua, hadi kwenye mstari wenye jina lake. Mbele ya jina palikuwa na herufi ya kuonyesha kwamba draiva iko ghalani. Diana akaibadilisha ikawa nyota, maana yake sasa itazaliwa pamoja na kerneli yenyewe. Kazi yote ilikuwa hiyo nyota moja. Nosim akamsisitiza safari hii aihifadhi kerneli iliyopo pembeni, hata kama ni mbovu, mtu asifute kitu tena.

Kisha seva ikaachwa iipike upya. Ilikuwa kazi ya muda, na Bibi Evaresta hakuzoea chungu kisichoonekana. Kila baada ya kitambo aliuliza kama imeiva. Diana alimjibu kwa adabu kuwa bado, Bibi. Huko uwanjani Mwalimu Abdiel alikunywa chai, akala ndizi za kuchoma, akaulizia kahawa imezaa vipi, akasahau kabisa kuwa alikuja na huzuni.

Hatimaye Diana akasema imekwisha, na kwamba anaenda kuwasha mstari wa mbele. Nosim alimshika Blessing kwa nguvu kidogo. Alisikia vibonyezo, feni zikianza kuvuma, viti vikisogezwa. Wanafunzi walikuwa wamejaa maabara bila kuitwa. Bibi Evaresta alikuwa ameisogeza simu hadi karibu iguse maziwa yenyewe, mwanga na yote, na hakujali.

"Zinaamka," alisema Diana, na sauti yake ikapasuka. "Nosim, zote zinaamka. Mstari wa mbele, na wa nyuma..."

Hayakusikika mengine, kwa sababu darasa lilikuwa limelipuka kwa kelele. Na Bibi Evaresta, ambaye hakuwa amepanga kufanya hivyo, aliinua uso na kupiga vigelegele. Alipiga vilevile kama alivyopiga siku ya Blessing, vikapita dirishani, vikavuka migomba, vikashuka makorongo. Nosim alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakujificha.

Haukupita muda, uwanja ukaanza kujaa. Majirani walikuja wakikimbia kwenye utelezi, mmoja na kibuyu cha maziwa, mwingine na kuku kwapani, wote wakihema. Walikuwa wamesikia vigelegele vya uzazi mara ya pili katika nyumba ileile, na hesabu yao ilikuwa wazi. Walitaka kumwona pacha aliyechelewa. Walimtazama Mwalimu Abdiel kwa mshangao, naye akaonyesha mlango kana kwamba yeye hahusiki.

Bibi Evaresta alitoka, akasimama kizingitini, akajifunga kitenge upya. Aliwaambia kwa Kimeru, bila kutabasamu, kwamba hao wengine wamezaliwa kule chini chuoni, ni wengi, na wote wananyonya vizuri. Mkwe wake amewanyonyesha kutoka kitandani bila kukanyaga sakafu. Maziwa akayapokea, na kuku pia.

Watu walipotawanyika na Mwalimu Abdiel akashuka kwenda kuwaambia wasimamizi waje, Bibi aliirudisha simu jikoni. Nosim alisikia mlango wa kabati la vikombe ukifunguliwa, na hakushangaa. Amri ni amri. Mlango ulikaa wazi kidogo, kisha ukafungwa. Bibi akarudi na simu bado mkononi, ameizungushia kitambaa safi, kimoja cha vile vya Blessing. Akaiweka juu ya mto, upande wa pili wa mtoto.

"Wakilia tena usiwakose," alisema, na akaenda kuleta mtori.